Gari Lako Halijafa, Mama

Mama,

Halijafa. Nasema tena ili usikie vizuri huko uliko: halijafa, halijauzwa, wala halijakatwa vipande vikapelekwa Kahama. Nimekaa kwenye kiti chako sasa hivi, karatasi nimeiweka juu ya usukani na mlango nimeuacha wazi kwa sababu ya joto. Shikamoo. Ningeanza na salamu ungenikatisha uniulize gari likoje, nakujua, ndiyo maana nimeanza na gari.

Tangu uondoke, kila mtu pale Isevya amekuwa mtaalamu wa maisha yako. Mara marehemu angetaka hivi, mara marehemu aliniambia vile. Wewe uliyekuwa huambii mtu kitu hata jino likikuuma! Nawaitikia tu, maana watu wamekuja kwetu kwa mapenzi na wamekula chakula chetu, lakini moyoni nawaambia waniache. Kuna siku nilimwambia mmoja waziwazi. Kaka Elia alinivuta pembeni akasema nina mdomo. Nikamwambia nimeurithi, aende akadai huko kaburini.

Wamesahau walivyokucheka siku ulipolileta. Muuguzi mstaafu, mjane, mwimbaji wa kwaya ya Moravian, unarudi kutoka Kanyenye na gari la mbio la milango miwili, jekundu lililopauka, liko chini kiasi kwamba kuku wa jirani walipanda juu yake bila hata kupiga mbawa. Jirani yetu Baba Rehema alichungulia mbele akakuta buti, akazunguka nyuma akakuta injini. "Mama Elia, hili si limeundwa kinyumenyume?" Ukamjibu, "Ndiyo, na mimi pia." Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikacheka mpaka nikakaa chini.

Mzee Nassoro wa duka la vipuri ndiye aliyekuachia. Alilikimbiza ujanani, kwenye mashindano, na alipozeeka magoti yakamgomea kuingia na kutoka. Vijana wengi walilitaka. Alikupa wewe kwa sababu wao wote waliuliza linakimbia kiasi gani, na wewe uliuliza linapimwaje oili. Mungu amrehemu na yeye. Huko mliko nadhani mnalizungumza mpaka malaika wamechoka.

Maana kweli oili ya gari hili ina namna yake, na namna hiyo ndiyo iliyotaka kutuponza. Magari yote tuliyoyajua yanapimwa asubuhi, injini ikiwa baridi, kabla ya kuwasha. Ndivyo kila dereva wa Tabora alivyofundishwa na baba yake au na kondakta wake. Hili lako hapana. Oili yake haikai yote chini ya injini. Ina tangi lake pembeni, na kijiti cha kupimia kimechomekwa humo tangini. Gari likilala, oili inashuka taratibu kutoka kwenye tangi na kuingia kwenye injini. Ukichomoa kijiti asubuhi unakikuta kikavu, ukadhani oili imekwisha, kumbe imo humo humo, imeenda tu kulala chumba kingine. Ili upate jibu la kweli, lazima injini iwe imechemka, iwe inanguruma sailensa, yaani bila kukanyagwa mafuta, na gari limesimama mahali palipo sawasawa kabisa.

Na uwanja wetu pale Isevya unateremka kuelekea mtaroni. Barabarani kuna makorongo. Mahali pekee palipo sawasawa ukapaona wewe: ile sakafu ya saruji mbele ya kanisa, iliyomwagwa kwa ajili ya ukumbi ambao haukujengwa. Kwa hiyo kila Jumapili tulitoka mapema, tukashika barabara ya Urambo kwanza, kule kule walikopita wapagazi wa zamani wakielekea Ujiji. Hukuacha kusema, "Babu wa babu yangu alipita hapa na mzigo kichwani. Mimi napita nimekaa." Geji ya joto ikishatulia katikati, ulikuwa unageuza, tunaingia uwanja wa kanisa tukinguruma huku wazee wa kanisa wamesimama mlangoni na Biblia kwapani.

Mzee mmoja aliwahi kukufuata. "Mama Elia, hapa ni mahali pa ibada." Ukamwambia, "Ndiyo maana nimekuja na kila nilichonacho." Ukafungua kifuniko cha nyuma umevaa sare ya kwaya, mikono umeikunja, na ukaninyoshea kitambaa. "Salome. Futa. Rudisha mpaka mwisho. Subiri kidogo. Chomoa. Soma." Mimi nasoma, wewe unainama kuhakikisha. Ikiwa kati ya alama mbili, tunafunga. Ikigusa ya juu, basi, hata tone lisiongezwe, kwa sababu oili ikizidi haina pa kwenda, inasukumwa kwenye njia ya hewa na kuungua, na gari linatoa moshi kana kwamba injini imekwisha. Yote hayo ulinieleza huku kengele inalia.

Ulikuwa unasema, "Binadamu nampima akiwa ametulia. Hili nalipima likiwa limechemka." Na ulikuwa unajisifu kwa hilo, muuguzi wa miaka yote ile.

Sasa ngoja nikuseme, Mama, kwa kuwa leo huwezi kunijibu. Gari ulilipima kila Jumapili. Presha yako ulipima lini? Mashine ilikuwa kabatini, nimeikuta, imefungwa kwenye kanga, betri zimeoza ndani. Ulipima presha ya mtaa mzima. Walikuja mpaka barazani wakinyosha mikono, na wewe unawafokea wapunguze chumvi. Halafu wewe… jikoni, mwiko bado mkononi. Mimi nimekukasirikia. Nilikukasirikia palepale sakafuni nikiwa nimekishika kichwa chako, na sijamaliza. Nitakukasirikia mpaka nichoke na nikichoka nitapumzika nianze tena.

Basi. Nirudi kwenye gari.

Wakati wa msiba mimi nilikuwa ndani kwenye mkeka na wanawake. Unajua mfiwa wa kike hatoki. Funguo alizichukua Elia, na gari lako likawa la kila mtu. Lilikwenda stesheni kupokea wageni wa Dar na wa Mwanza, lilikwenda sokoni kuchukua mchele, lilikwenda Usoke kumleta Mjomba Yohana, likarudi, likaenda tena. Nilikuwa nalisikia likipita nyuma ya dirisha na kila sauti yake inanichoma, maana nilizoea ikisikika basi wewe upo. Siku ya kuzika lilitangulia mbele ya jeneza mpaka Usoke. Watu walisema limependeza. Mimi niliuona moshi. Mdogo, wa rangi ya bluu, lakini niliuona.

Tulipoanua matanga lilikuwa linafuka kama tanuri la tumbaku. Elia akaita fundi, fundi akaita fundi mwenzake, wakasikiliza, wakatikisa vichwa. Ringi za pistoni zimekwisha, injini imekufa, vipuri vyake havipatikani hata ukivifuata Ulaya. Na wanawake wakaanza, unawajua, "Limemfuata mwenyewe. Gari linajua." Mama, nilitaka kupasuka. Eti limekufa kwa huzuni! Hata Elia, na shule zake zote, alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Mjomba ndiye aliyekaa mbele kwenye kikao cha ukoo. Alisema nyumba ni ya Elia na mimi, hilo halina mjadala, vitenge wagawane shangazi na mama wadogo, na gari liuzwe kwa mtu wa Kahama anayenunua magari mabovu. Akishalikata atauza kinachouzika. Kila mtu akasema sawa. Nikasema si sawa. Mjomba akaniangalia kwa upole, na upole wake ndio ulionikera zaidi. "Salome mwanangu, tunajua uchungu ulio nao. Lakini hicho sasa ni chuma tu. Utakaa nacho uwanjani kila siku kinakuliza?" Nikamwambia kinilize, machozi ni yangu. Akasema mnunuzi anakuja Jumamosi, na yeye ameshampa neno lake.

Ningefanya nini? Nilikuwa nalijua gari lako kuliko wote mle ndani, lakini moshi nilikuwa nauona na mimi. Usije ukadhani sikuogopa. Nilienda nikalala kitandani kwako nikasema labda ni kweli, labda yameisha.

Asubuhi yake Elia alikuwa anakunywa chai, akasema kama mtu anayejisemea, "Tena lina njaa ya ajabu hilo gari. Kila asubuhi nikipima kijiti kikavu. Nimeongeza mpaka nimechoka."

Nikaweka kikombe. Nikamuuliza, "Kila asubuhi lini?"

"Asubuhi, kabla sijawasha. Watu wanapima lini tena?"

Mayu wee, mama yangu! Nilisimama na kitenge kikaachia. Elia hakuwahi kuja na sisi Jumapili, alikuwa Dodoma na kazi zake, angejuaje? Nikamuuliza nani mwingine aliliendesha. Akanitajia, na mimi nikatoka hivyo hivyo na kandambili nikaenda kwa mmoja mmoja.

Festo, dereva wa kwaya, nilimkuta anaosha basi. Akainamisha kichwa. "Dada, nilikuta oili iko chini kabisa. Nikaona siwezi kurudisha gari la marehemu likiwa na njaa. Nilitia lita. Ndiyo iliyokuwa rambirambi yangu, sikutaka niandikwe." Baba Rehema, yule yule aliyekucheka, alitia mara mbili, mara ya kwenda kuchukua turubai na mara ya kulirudisha. Binamu wa Urambo alitia. Mume wa shangazi alitia, akasema alichagua ile ya bei mbaya kwa heshima yako. Kila mmoja alipima asubuhi likiwa limelala, akakuta kikavu, akatia, na hakumwambia mwenzake, kwa sababu rambirambi ya kweli haitangazwi.

Unaona, Mama? Hakuna ringi iliyokwisha. Lilijazwa rambirambi mpaka likapaliwa. Nilikaa kwenye ngazi ya basi la Festo nikacheka na kulia pamoja, yule kijana hakujua anipe maji au aite mtu.

Nilirudi nyumbani nikamnyang'anya Elia funguo. Ndiyo, kunyang'anya, usiniulize kwa nini sikuomba. Akaingia upande wa pili akifoka kwamba nitalimalizia barabarani. Nikalitoa mdogo mdogo mpaka barabara ya Urambo, moshi nyuma yetu watu wanaziba pua, mpaka geji ikatulia katikati. Nikageuza. Sakafu ya kanisa ilikuwa tupu, kwaya walikuwa ndani wanafanya mazoezi. Nikaliacha linanguruma, nikafungua nyuma, nikafuta, nikarudisha mpaka mwisho, nikasubiri. Nikachomoa. Alama ya juu haikuonekana, Mama. Oili ilikuwa imekivuka kijiti chote mpaka karibu na pete ya kushikia. Nikamsukumia Elia usoni. "Soma." Akasoma. Akasema taratibu, "Hata mimi nilikuwa namlisha Mama."

Tukaenda uwanjani kwetu, tukaweka beseni chini ya tangi, nikalegeza nati. Ilinimwagikia kidogo kiganjani, bado pana alama. Tukatoa kiasi, tukafunga, tukalirudisha kanisani, tukapima. Imezidi. Tukarudi, tukatoa tena. Kwaya walikuwa wametoka na wanatuangalia kama vichaa, na Festo katikati yao. Safari ya mwisho kijiti kikasoma chini kidogo ya alama ya juu, pale pale ulipokuwa unapapenda. Bado lilikuwa linafuka, kwa sababu ile iliyokwisha kuingia kwenye bomba ilikuwa haijaungua yote. Nikamwambia Elia afunge mkanda. Nikalipeleka kuelekea Usoke kama ulivyokuwa unalipeleka wewe ukiwa na hasira na mtu. Karibu na kule kwenye mashamba ya tumbaku Elia aligeuka nyuma, akakaa hivyo amegeuka. "Salome, nyuma hakuna kitu." Nikatazama kioo. Barabara nyeupe, safi, mtu na baiskeli yake anazidi kuwa mdogo. Nilipiga honi ile ndefu bila sababu yoyote.

Nadhani unafikiri mambo yaliishia hapo. Thubutu! Mjomba alilisikia, akalizunguka, akaliona halitoi moshi, akasema, "Mungu mkubwa. Basi litapata bei nzuri zaidi." Nilimpenda na nilitaka kumng'ata. Neno lake ameshalitoa, Mama, na wewe unamjua mdogo wako na neno lake.

Jumamosi yule mtu wa Kahama akaja na lori lake na minyororo. Mtu mwenye adabu, sina ubaya naye, alisalimia vizuri na kutoa pole. Mjomba akaniomba funguo mbele ya watu. Nikasema, "Mjomba, shikamoo. Sitoi." Akasema nisimwaibishe. Nikamwambia, "Neno ulilitoa wewe juu ya gari lililokufa. Hili liko hai. La lililo hai uniulize mimi." Sijawahi kumjibu Mjomba hivyo, wala wewe hukuwahi. Nikaongeza, kwa sababu kinywa kilikuwa kimeshafunguka, "Na wewe ulitia oili?"

Akavua kofia. Kisha akasema ndiyo. Asubuhi ya mazishi, kabla watu hawajaamka vizuri, alitoka peke yake akapima, akakuta kikavu, akatia alichokuwa nacho. Alisema, "Alinilea mgongoni yule. Nilitaka nimfanyie kitu kwa mkono wangu." Akalia pale pale, mzee mzima, mbele ya mtu wa Kahama na minyororo yake. Nikamshika mkono. Halafu akajipangusa uso kwa kofia, akamgeukia yule mtu akamwambia, "Ndugu yangu, nisamehe kwa usumbufu. Umemsikia mwenye gari." Wakampa chai akaondoka.

Mwenye gari, Mama. Amesema mwenyewe, mashahidi wapo.

Leo tumekuja Usoke kwako. Mimi, Elia, Mjomba, na Festo na Baba Rehema wamefuata na pikipiki. Kaburi bado hatujalijengea, udongo tunauacha ushuke kwanza, kwa hiyo una msalaba wa mbao tu. Tumekuta mchwa wameshaanza kuupanda. Wamejenga njia yao ya udongo kutoka chini mpaka karibu na jina lako. Nilisimama pale nikahisi hasira inanipanda kutoka miguuni. Hawana hata aibu, wamekukuta juzi tu.

Ile oili tuliyoitoa tulikuwa tumeihifadhi kwenye dumu, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuimwaga. Mjomba ndiye aliyeifuata kwenye buti, mbele, bila kuambiwa. Tukaung'oa msalaba, tukaukwangua, tukaupaka, maana mchwa hawali mti uliolowa oili. Kila aliyetia kati yetu tuliokuja alipaka. Baba Rehema alipaka sehemu ya chini inayoingia ardhini, mara mbili, akasema hakulipima vizuri gari lako lakini hapa hapunguzi. Festo alikuwa anaimba sauti yako, vibaya, nikamwacha. Mjomba alipaka jina. Sasa msalaba wako umesimama mweusi, unang'aa kwenye jua, na sisi wote mikono michafu.

Wabeja, Mayu, asante kwa kila kitu. Lala sasa. Kila nitakapobadilisha oili ya gari hili, ile chafu yote naileta hapa kwako. Hata tukikujengea, nitaupaka, na mwanangu nitamfundisha aupake. Mchwa wa Usoke wapite kwingine. Hawakupati, Mama. Nikiwa hai hawakupati.

Mwanao,
Salome